Somo la Ufundi: Mafuta mekundu ya giaboksi yakigeuka rangi



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na usalama kazini. Safari hii tutazungumza juu ya mafuta ya gari. Tumelichagua somo hili kwa sababu dereva mmoja, mwanachama mwenzetu katika shamba la chai magharibi ya Uganda, alikaribia kulipa kwa mshahara wake giaboksi ambayo hakuiua yeye. Kilichomwokoa ni matone machache ya mafuta juu ya karatasi nyeupe. Kabla yake dereva mwingine wa gari lingine alikuwa amekwisha lipa, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu hapakuwa na mtu katika kamati yetu aliyejua kuyasoma mafuta hayo. Hilo tunalisema kwa aibu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika, la gia otomatiki, yaani lisilo na pedali ya klachi. Kazi yake ilikuwa kumpeleka karani wa mshahara na mabwana shamba kwenye vituo vya kupimia majani, na usiku kuwakimbiza wagonjwa hospitali. Njia ni ya changarawe na vilima tupu. Siku moja, likiwa na mama mjamzito ndani, lilifika katikati ya mlima likakataa. Injini ililia, magurudumu hayakwenda. Yule mama alimalizia safari yake katika lori la majani. Juma lililofuata dereva alipewa barua: ameendesha kwa uzembe, amepakia kupita kiasi, ameharibu giaboksi, atakatwa mshahara mpaka deni liishe.

Tutarudi kwa dereva huyu. Kwanza tujifunze gari lake linavyofanya kazi, maana bila hilo hata utetezi wake hautaeleweka.

Mafuta yanafanya nini humo ndani

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na sahani ya klachi, na dereva huitenga kwa mguu wake. Katika gari la otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Baina ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo, mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake mna mapanga kama ya pangaboi. Chukua pangaboi mbili za mezani, zielekeze uso kwa uso, kisha iwashe moja tu. Upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hiyo ya pili haina umeme. Ndani ya konveta badala ya upepo kuna mafuta. Injini huzungusha mapanga ya upande wake, mafuta hurushwa, na mapanga ya upande wa pili hufuata.

Mafuta hayo hayo husukumwa na pampu kwenda kubana klachi ndogo ndogo zilizopangwa ndani ya giaboksi. Ipi ibanwe na ipi iachiwe, huko ndiko kubadilisha gia. Kisha hulainisha meno ya gia, na mwisho huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hupita katika bomba lililozamishwa ndani ya maji ya injini. Ndiyo kusema kitu kimoja kinafanya kazi za watu wanne, wala hakina zamu ya kupumzika.

Adui wa mafuta haya ni joto. Gari likipanda mlima polepole likiwa na mzigo, mapanga ya upande wa injini huzunguka kwa kasi kuliko yale ya upande wa pili, na nguvu inayopotea katikati hugeuka joto. Ni hivyo hivyo katika msongamano wa magari mjini Kampala, ambako gari husogea hatua moja na kusimama. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: mafuta yakifanya kazi katika joto la nyuzi 80 za sentigredi hudumu sana, lakini kila nyuzi 11 zinapoongezeka juu ya hapo, umri wao hupungua kwa nusu. Mafuta ambayo yangedumu kilomita 160,000 yatadumu 80,000 kwenye nyuzi 91, na 40,000 kwenye nyuzi 102. Ni makadirio tu, lakini yanaonyesha kwa nini gari la mlimani na gari la bondeni, yaliyonunuliwa siku moja, hayazeeki pamoja.

Rangi yatoka wapi

Mafuta haya kwa asili si mekundu. Hutiwa rangi yanapotengenezwa ili yasichanganywe na mafuta ya injini, na ili yakidondoka chini ya gari ijulikane yametoka wapi. Rangi hiyo haina kazi yoyote ndani ya giaboksi. Kwa hiyo ikififia si lazima mafuta yawe yamekufa, na ikiwaka si lazima yawe mazima. Wengi hukosea hapa, mafundi nao wamo.

Kinachofanya kazi ni dawa zilizochanganywa katika mafuta: za kuzuia kutu, za kuzuia povu, na za kufanya klachi ishike bila kushtuka. Magari ya otomatiki yalianza kuuzwa kwa wingi Marekani kwa modeli ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na kwa miaka mingi baada ya hapo mafuta ya giaboksi yalitiwa mafuta ya nyangumi aina ya spemu kwa ajili ya ulaini huo wa kushika. Mwaka 1970 Marekani ilimwandika nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini, na watengenezaji wakalazimika kutafuta dawa nyingine. Tunalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba mafuta ya giaboksi si mafuta tu yaliyotiwa wekundu.

Wenzetu wa kiwanda cha chai wataelewa upesi kuliko sisi. Jani likisagwa na kuachwa lipate hewa hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, na harufu yake hugeuka pia. Mtu wa chumba cha kuchachusha haamui kwa jicho peke yake. Huchota kiganja, hunusa, hufinya, ndipo akasema tayari au bado. Mafuta ya giaboksi nayo huchakaa kwa kukutana na hewa penye joto, na husomwa vivyo hivyo kwa jicho, pua na vidole. Kazi mliyoifanya miaka yote katika chai ndiyo mtakayoifanya hapa.

Kuyasoma mafuta

Chukua karatasi nyeupe safi au kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Chomoa kijiti cha kupimia cha giaboksi, si kile cha injini, na udondoshe matone mawili au matatu. Tazama kwenye mwangaza wa jua, si chini ya taa ya gereji.

Mafuta mapya ni mekundu ya kuangaza, unaona karatasi nyuma yake. Harufu yake ni ndogo. Yakitumika huelekea wekundu wa matofali, kisha kahawia ya chai ya rangi. Kahawia hii, ikiwa bado unaona mwanga kupitia kwake na hainuki moto, ni uzee wa kawaida. Inakwambia panga tarehe ya kubadilisha, haikwambii utie hofu.

Yakiwa kahawia nzito au meusi, na yananuka kama mkate ulioungua au mpira uliochomwa, hapo mambo ni mengine. Nyuso za klachi zile ndogo zimeungua na unga wake umo ndani ya mafuta. Kisugue kidole kwa kidole: ukisikia mchanga mchanga mwembamba, ni unga huo. Acha tone lile juu ya karatasi kwa saa kadhaa. Mafuta mazima hutambaa na kuacha duara pana la rangi nyepesi. Yaliyoungua hukaa pale pale kama doa la wino, kwa kuwa yamejaa uchafu.

Yakiwa na povu la vipovu vidogo, mara nyingi yamejazwa kupita alama, na gia zinazozunguka zinayapigapiga pamoja na hewa. Huweza pia kuwa ni mafuta ya aina isiyotakiwa. Povu halibani klachi, kwa hiyo gari huteleza ingawa kijiti kinaonyesha mafuta ni tele.

Rangi ya mwisho ndiyo iliyomhusu dereva wetu. Ni pinki iliyopauka, nzito, isiyopitisha mwanga, mfano wa uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Hiyo ni maji. Huweza kuingia gari likivuka mafuriko, kwa tundu la kupumulia la giaboksi, lakini njia yake kubwa ni rejeta. Tulisema kwamba bomba la mafuta hupita ndani ya maji. Bomba hilo likitoboka, vitu viwili hukutana. Injini ikiwa inafanya kazi, mafuta kwa kawaida ndiyo yenye msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo hutoka kwenda kwenye maji. Injini ikizimwa pampu husimama, lakini rejeta iliyo moto bado ina mgandamizo, na sasa ni maji yanayoingia kwenye mafuta. Ndiyo maana dereva huona maji ya rejeta yanapungua kila asubuhi na haoni yanakovuja. Ukiwa na shaka fungua kifuniko cha rejeta wakati imepoa kabisa, usithubutu ikiwa moto, utazame kama mna utelezi wa rangi ya pinki.

Kuna kipimo kingine cha maji ambacho mtu aweza kukifanya jikoni. Pasha kijiko cha chuma moto, kiondoe motoni kabisa, kisha dondosha tone moja tu la mafuta. Yakiwa na maji yatapasukapasuka kama mafuta ya kukaangia yaliyorushiwa maji. Simama mbali na uso wako, na watoto wasiwepo.

Maji yakiingia hayana msamaha. Nyuso za klachi zimetengenezwa kwa kitu mfano wa karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi. Hunyonya maji, huvimba, na gundi huachia. Gari likigunduliwa mapema, likazimwa pale pale, rejeta ikabadilishwa na giaboksi ikasafishwa kwa mafuta mapya mara kadhaa, yaweza kupona. Likiendeshwa majuma mawili zaidi kwa kuambiwa ongeza maji tu, halitapona.

Kupima kiasi

Hapa makosa ni mengi, na karibu yote ni ya kupima gari likiwa limezimwa au baridi. Kwa magari mengi, ya Toyota yakiwemo, gari huendeshwa kwanza mpaka lipate moto, mwendo wa kama dakika ishirini. Husimamishwa mahali tambarare, breki ya mkono ikivutwa na mguu ukiwa juu ya breki. Mkono wa gia hupitishwa polepole kila mahali, P, R, N, D, 2 na L, na kurudishwa P, ili mafuta yajaze njia zake zote. Injini ikiwa bado inaunguruma chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena na usome. Alama za chini ni za mafuta baridi, za juu ni za mafuta ya moto. Yawe baina ya zile za juu. Magari ya Honda mengi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda huo huo, kwa hiyo usichukue desturi ya gari moja ukaipeleka kwa jingine. Na yako magari yasiyo na kijiti kabisa, ambayo hupimwa kwa tundu la chini. Hayo mwachieni fundi mwenye vifaa.

Kama kiasi kimepungua, mafuta yamevuja, kwa maana hayaungui kama ya injini. Tafuta panapovuja kabla ya kuongeza.

Kubadilisha, na hesabu yake

Jambo la kwanza ni aina. Vitz za kwanza, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, nyingi zilikuwa na giaboksi ya gia nne inayotumia mafuta ya Toyota aina ya T-IV. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2005, nyingi ziliwekwa giaboksi ya mkanda wa chuma, ambayo mafuta yake ni mengine kabisa. Ukiyatia ya gia nne katika giaboksi ya mkanda, mkanda utateleza na kuchunika. Gari kwa nje zafanana, jina ni moja, na muuza duka atakwambia mafuta mekundu ni mekundu. Soma maandishi yaliyo kwenye mpini wa kijiti au katika kitabu cha gari, uyanakili kwenye karatasi, uende nayo dukani. Tena mafuta ya giaboksi si lazima yawe mekundu, mengine ni ya kijani au ya manjano. Hapa rangi haikusaidii hata kidogo.

Jambo la pili ni usalama wako. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka vigingi vya chuma au magogo imara, na uzuie magurudumu. Mafuta ya moto huunguza ngozi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Uliyoyatoa usiyamwage mferejini wala kando ya kisima. Weka katika dumu lenye kifuniko upeleke kwa gereji inayokusanya mafuta machafu. Wapo wanaoyapaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Basi wavae glavu, na isiwe karibu na maji.

Sasa hesabu. Ukifungua nati ya chini hayatoki mafuta yote. Mengi hubaki ndani ya konveta. Tuchukue mfano wa giaboksi ya lita 6 ambayo hutoa lita 2. Ukitia lita 2 mpya, ndani mna lita 4 za zamani. Ukiendesha siku chache yakachanganyika, ukatoa tena lita 2 na kutia mpya, yatabaki ya zamani lita 2.67. Mara ya tatu yatabaki lita 1.78. Kwa hiyo kwa lita 6 za mafuta, zilizotiwa kwa mafungu matatu, umebadilisha asilimia 70 hivi, bila mashine yoyote ya kusukumia. Kila mara pima ulichokitoa kwa chupa za lita, urudishe kiasi kile kile, ndipo upime kwa kijiti. Kuna sumaku katika sinia la chini la giaboksi. Tope la kijivu laini juu ya sumaku hiyo ni la kawaida. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa kucha, usijipe moyo, kuna kitu kimevunjika.

Kwa gari la kazi ngumu, la mlima, la teksi au la vumbi, sisi tunashauri kilomita 40,000, na kijiti kitazamwe kila mwezi.

Tumeulizwa mara nyingi: je, ni kweli kwamba ukibadilisha mafuta ya zamani giaboksi hufa? Kwa miaka tuliliona neno hili kuwa ni uvumi wa wavivu. Sasa tunasema lina mbegu ya ukweli, ila limeshikwa kinyume. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha inashika kwa msaada wa ule unga ulioelea ndani ya mafuta machafu. Ukiutoa, huteleza. Lakini haikuuawa na mafuta mapya. Ilikuwa maiti inayotembea. Kama mafuta ni meusi, yananuka, na gari tayari linateleza, mwambie mwenye gari mapema kwamba kubadilisha kwaweza kusaidia au kwaweza kufichua, na umwambie mbele ya shahidi. Fundi asiyesema hivyo atalaumiwa bure.

Kuhusu uendeshaji tutasema kidogo tu. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, au ukishuka, tumia 2 au L. Usiweke N mteremkoni kwa kuokoa petroli, injini haitakusaidia tena kuzuia gari. Usiweke R gari likiwa bado linakwenda mbele. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta, shika breki. Na gari la otomatiki lisikokotwe magurudumu yanayovutwa na injini yakiwa chini, kwa kuwa injini ikizimwa pampu nayo imezimwa, na gia huzunguka zikiwa kavu.

Turudi kwa dereva

Kamati ya tawi ilipokutana, kwanza tulibishana juu ya uzito wa abiria, kama meneja alivyotaka. Mzee mmoja wa karakana, ambaye husema mara chache, akauliza: "Ndugu zangu, kijiti kimetazamwa?" Hapana aliyekitazama. Tulikwenda pamoja na karani wa ofisi. Mafuta yalikuwa uji wa ulezi. Kifuniko cha rejeta kilikuwa na utelezi wa pinki. Mzee akasema, "Mguu wa dereva unaweza kuunguza klachi. Bomba lililo ndani ya rejeta, mguu haufiki."

Hiyo ndiyo hoja yote. Uzembe na mzigo huacha mafuta meusi yenye harufu ya kuungua. Mafuta haya hayakuwa na harufu hiyo. Tukaomba daftari la gari. Lilikuwa na maandishi mengi ya maji kuongezwa, maji ya kijito, bila dawa ya kuzuia kutu, na hakuna hata mstari mmoja juu ya mafuta ya giaboksi tangu gari liliponunuliwa. Mara mbili dereva alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba maji yanapungua bila kuvuja. Mara zote mbili msimamizi alitia sahihi.

Tulikwenda kwa menejimenti na vitu vitatu: daftari, chupa ya kioo yenye mafuta iliyofungwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, na sheria. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa nambari 95 wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Barua ya meneja si mojawapo ya hivyo. Nayo Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi anayetaka kuachishwa kwa kosa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na asikilizwe pamoja na mtu aliyemchagua. Dereva wetu hakuwa ameachishwa, lakini barua yake ilikuwa imetaja hatua hiyo, kwa hiyo tulikisoma kifungu kile kwa sauti.

Makato yalifutwa. Fedha za mwezi wa kwanza, ambazo zilikuwa zimekwisha chukuliwa, zilirudi baada ya majuma sita. Dereva yule wa zamani hatujamrudishia kitu. Tulimwandikia meneja kwa niaba yake, tukajibiwa tulete ushahidi, na mafuta ya gari lake yalimwagwa siku ile ile giaboksi ilipofunguliwa. Huenda alikuwa na kosa, huenda hakuwa nalo. Sasa hapana njia ya kujua, naye alikwisha rudi kwao.

Kwa ajili hiyo tunaliomba kila tawi lenye madereva lidai mambo mawili katika mapatano yajayo: kwamba kila gari liwe na daftari ambalo dereva anaruhusiwa kuandika na kubaki na nakala, na kwamba giaboksi au injini ikiharibika, mafuta yatolewe mbele ya mjumbe wa tawi na chupa moja ihifadhiwe.

Kwa vyama vya akiba vinavyotaka kununua gari

Tumepata habari za matawi yaliyochanga fedha ili kununua gari dogo la teksi. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15, lakini yaliyokwisha ingia bado yanauzwa kutoka mkono hadi mkono, na hata gari la miaka kumi limeishi maisha usiyoyajua. Msiende bila kijiti kichwani. Mafuta ya kahawia safi katika gari la zamani yasiwakimbize. Mekundu ya kuwaka, kama ya dukani, yawafanye muulize: yalibadilishwa lini, na kwa nini juma hili? Muuzaji mwaminifu atakuwa na risiti. Kisha liendesheni mlimani mpaka lipate moto, si kuzunguka uwanja tu, maana giaboksi iliyochoka husema kweli ikiwa moto. Likichelewa kushika baada ya kuweka D au R, au likishtuka kama limegongwa nyuma, rudisheni funguo kwa heshima.

Maswali ya kujadili katika tawi

Dereva wa shamba ameona mafuta ya giaboksi ni kahawia, hayanuki, na gari linakwenda vizuri. Msimamizi anasema gari lisimamishwe na dereva akatwe. Mtamjibuje?

Gari limevuka mto uliofurika. Siku tatu baadaye mafuta ni pinki, lakini rejeta haina utelezi wowote. Maji yameingia wapi, na ni la nani kosa ikiwa dereva aliamriwa kuvuka?

Giaboksi ina lita 7 na hutoa lita 3 kila mara. Mkibadilisha mara mbili, ni lita ngapi za mafuta ya zamani zimebaki?

Katika tawi lenu, daftari la gari linakaa kwa nani, na ni lini mwanachama alilisoma mara ya mwisho?